Chanzo, Lango, Mfereji

Betri nimeitoa kwenye laptopu iliyokufa:
volti nne na kitu ikishiba,
tatu nukta mbili ikikaribia kuzimia.
Na kihisio cha tangi, juu ya paa letu Umoja,
chini ya volti tatu hakisemi kweli.
Hapo kati ndipo nilipo na swichi yangu.

Transista ya shilingi kumi naijua tabia.
Ni askari wa geti asiyefungua bila chai:
nukta mbili leo, nukta tatu kesho.
Rilei haiibi mlangoni,
ila inadai mshahara kwa kusimama tu,
na ikigonga usiku, tak,
Mwongeli wa chini anauliza nani anavunja njugu.

Luthuli, ghorofa ya pili, nyuma ya maspika,
nikamwambia Gatwiri: nataka swichi isiyokula.
Akacheka hadi akashika kaunta.
"Nairobi hii?"

Akanipa mosfeti nene, kifua wazi,
inabeba ampea thelathini, akaapa.
Mimi natumia hata nusu ya moja?
Sikuuliza lango lake linataka nini.
Linataka volti kumi.
Kwa tatu zangu lilifunguka kama mpangaji
anayechungulia na mnyororo mlangoni;
nikaigusa, ikaniunguza kidole.

Alhamisi maji ya kanjo yakaja saa nane usiku.
Kihisio, kwa njaa, kikasema tangi limejaa.
Hakuna aliyewasha pampu.
Ijumaa nyumba kumi na sita
zilinipita ngazini na ndoo, bila salamu.

Basi nikakaa na karatasi ya data, tochi mdomoni.
Usiulize inabeba kiasi gani.
Uliza inafunguka kwa kiasi gani.

Hii ya sasa ni punje ya mchele yenye miguu mitatu.
Nililehemu nimezuia pumzi; moja ilirukia zuliani,
bado iko huko, shilingi themanini na tano.
Ya pili ikakaa.
Mita upande huu: tatu nukta mbili moja.
Upande ule: tatu nukta mbili moja.
Nikabadilisha betri ya mita. Sikuiamini.
Tatu nukta mbili moja.

Chanzo, lango, mfereji,
ndivyo miguu yake inavyoitwa.
Kwetu mfereji ni ule wa jikoni,
na sasa hivi, Alhamisi, saa nane na dakika tano,
umekohoa.