Masahihisho ya Safu ya Alhamisi

Mhariri Kibona hunipa maneno mia tatu,
na majira ya kupandia hunipunguzia yawe mia mbili,
kwa kuwa tangazo la mbolea halikatwi;
nikatwe mimi.
Humo napima tamthilia mpya
kama mnunuzi wa viazi pale Uyole:
natikisa gunia, nainusa pembe yake,
nasema kilichooza.

Nimekwisha kuandika haya:
kwamba *Nyumba ya Marumaru* ni lumbesa,
hadithi ya sehemu nane iliyoshindiliwa hadi arobaini,
juu ikafungwa kamba na majani makavu.
Kwamba wameigiza Makete ya mwezi wa saba
na hakuna mdomo hata mmoja uliotoa mvuke;
binti anafua mtoni mabega wazi
wakati hapa Mbeya paka wetu analala ndani ya jiko.
Kwamba tajiri wa luninga hashuki ngazi
bila simu sikioni,
na maskini wake ana kucha za rangi.

Kuhusu kichekesho cha Jumapili
niliandika mstari mmoja tu:
"Wanaocheka wamo ndani ya mashine."
Nikaupenda. Nikausoma kwa sauti, peke yangu.
Ng'ambo ya ukuta, mwenye nyumba wangu, Bi Tumpe,
alikuwa akicheka hadi anapiga meza,
kwa sababu yule juha anakunja suruali
vile vile alivyokunja marehemu mumewe
akivuka tope la Nzovwe.
Hilo sikuliandika.
Nafasi haikutosha. Mbolea.

Sasa nije kwenye sehemu ya kumi na tisa.
Niliandika, na jina langu likawa juu yake:
"Mama wa marehemu analia dakika saba.
Nimehesabu kwa saa ya ukutani.
Hakuna aliaye dakika saba;
mpiga picha alisahau kuzima kamera."
Watu wa saluni ya Mwanjelwa walinipigia simu
kuniambia nimewachekesha.

Wiki ile ile lori la Ambakisye
lilishindwa na mteremko wa Iwambi.
Nilikaa msibani siku tatu, kwenye benchi la kanisa,
na mama yake, Subilaga, sikumwona akilia.
Nilimwona akihesabu sahani.
Nilimwona akiuliza kama ndizi zimetosha,
kama wale wa Tukuyu wamepata blanketi,
kama mwenye viazi vilivyomwagika ameshalipwa.
Kila aliyeingia aliambiwa *ndaga*,
na kila aliyetoka.
Luninga ilikuwa kwenye kona,
imefunikwa kitenge kama mgonjwa.

Baada ya arobaini nilipita kumjulia hali.
Kitenge kimetolewa.
Ilikuwa marudio, sehemu ile ile, mama yule yule,
sakafuni, leso mdomoni.
Dakika ya pili nikanyoosha mkono
nimwondolee adha, nibadili hata taarifa ya habari.

"Mwache," alisema Subilaga.
"Mimi nilikuwa na watu wa kulisha.
Hicho anacholia ni kilio changu."

Tukakaa.
Chai ikaganda utando.
Sikutazama saa, ila najua
ilipoishia, nilitaka iendelee.

Kibona anasema masahihisho hukaa ukurasa wa kumi na moja,
chini ya ng'ombe aliyepotea Rungwe,
herufi ndogo, mistari minne:

*Katika toleo letu lililopita
palipoandikwa "dakika saba ni nyingi"
pasomeke "dakika saba hazikutosha".
Mwandishi anaomba radhi kwa aliyehusika.*

Ameuliza aliyehusika ni nani.
Nimemwambia aache hivyo hivyo.

Kuhusu mvuke wa Makete
sibadilishi neno.