Ala ya Mkasi wa Eudald

Miaka thelathini na nne niliwakabidhi madaktari sindano;
wao walishona, mimi nilihesabu pamba.
Sasa nimestaafu, nashona mwenyewe
juu ya meza ya jikoni, hapa Igualada,
na mgonjwa wangu ni bega la ng'ombe,
unene milimita tatu, harufu ya magome ya miti.

Baba alirudi na harufu hii kila jioni
kutoka viwanda vya ngozi kando ya mto Anoia.
Mama alimfungulia mlango wa nyuma,
nguo zake zikalala uani.
Niliapa sitaolewa na mtu wa viwandani.
Nikaolewa na karani wa posta. Hakunukia kitu.

Feliu, muuza ngozi wa mwisho mtaani kwetu,
aliniuzia visu saba. Natumia kimoja.
Mchagua jembe si mkulima, kweli,
ila mgeni wa kazi lazima alipie ugeni wake.
Basi wewe unayeanza, okoa pesa:
kisu kimoja, na mkanda wa kukinolea kila baada ya mikato kumi;
rula ya chuma, maana ya mbao italiwa na kisu;
uma wa meno manne wa kutia alama;
maharazi ya kutobolea, yawe makali;
na sindano mbili butu.
Butu! Tundu limekwisha kutobolewa,
kazi ya sindano ni kupita tu, kama mgeni mwenye adabu.
Uzi wa kitani, mara nne ya urefu wa mshono,
uburuze kwenye nta ya nyuki hadi ulie.

Eudald wa ghorofa ya chini ana mistari kumi na miwili ya mizabibu
na mkasi wa kupogolea uliotoboa mifuko mitatu ya suruali
na, mwezi Januari, paja.
Nilimfunga bendeji nikamwambia: nitakushonea ala.

Ya kwanza niliikata bila kuhesabu unene wa ngozi.
Mkasi ukagoma kuingia.
Inakaa miwani yangu humo.

Ya pili niliilowesha beseni
hadi viputo vikakoma kupanda,
nikauvika mkasi plastiki usishike kutu,
nikaikandamiza ngozi juu yake
kwa dole gumba, kwa mgongo wa kijiko.
Ngozi ivute ili maji, walisema wa kale;
hawakusema dole gumba litauma siku mbili.

Ilipokauka ndipo nikaliona kovu,
refu kama njiti ya kiberiti, limepauka.
Waya wa ua ulimchana ng'ombe huyu akiwa hai
na mwili ukajifunga wenyewe,
bila daktari, bila mimi.
Feliu alisema kata, tupa, hapo rangi haishiki.
Nikaligeuzia mbele.

Kisha mshono. Tundu moja, sindano mbili,
ya kushoto kwanza, ya kulia nyuma yake,
angalia usichome uzi kwa uzi,
vuta pande zote kwa nguvu moja.
Tundu la tisa, au la kumi,
mkono wangu wa kulia uliinuka wenyewe
ukamkabidhi sindano mtu asiyekuwepo.
Niliutazama.
Nikaushusha.

Kingo nilizipiga msasa, nikazitia maji,
nikazisugua kwa kipande cha turubai
mpaka zikang'aa kama kokwa ya tende.

Mwaka uliofuata Eudald alibisha hodi
na uso wa mtu aliyevunja kikombe cha watu.
Waya wa shambani ulikuwa umekata uzi,
mishono miwili, upande wa nje.
Niliivuta ala kwa nguvu zangu zote.
Haikuachia. Uzi wa pili ulikuwa umeshika.

"Utaitengeneza?"
"Iache. Niletee ikifika mitano."

Akashuka ngazi, mkasi kiunoni.
Nikaifuta meza,
nikahesabu sindano.
Mbili. Zote zipo.