Wa Nne

Barua haikusema ndiyo, haikusema la.
Ilisema: subiri. Wewe ni wa nne.

Tangu hapo Marit anahesabu watu asiowajua:
watatu mbele yake, na mbele ya hao
wenye viti ambao huenda wasivikalie.
Jioni, akipanga makopo ya rangi
dukani kwa Bi Lindquist,
anamwombea mmoja wao apate mchumba Boston,
au ufadhili mnono kwingine,
kisha anaona haya: dua gani hii
ya kutaka mwenzako aghairi?

Ziwani wameegesha gari bovu juu ya barafu.
Mji mzima umeweka dau: litazama lini?
Yeye, aliyeipima barafu hiyo miaka miwili
kwa msumeno na rula, aliandika tarehe tisa.
Bi Lindquist, asiyepima kitu, kaandika ishirini.

Tisa imepita. Gari lipo,
limeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza.

Leo simu ameiacha kwenye droo ya misumari.
Amechukua rula, amevaa viatu vya mpira,
ameshuka hadi ukingoni.
Hakuna aliyemtuma.
Sentimita kumi na tisa, anaandika,
na chini yake, kwa kalamu ileile:
maji yanasikika.