Chupa Tatu

Digrii ishirini chini ya sifuri huku Duluth,
nami nimeganda mbele ya rafu za duka la mvinyo
nikisoma majina ya Kifaransa
kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.
Jumamosi wanakuja wakwe, Gus Halvorsen na mkewe Darlene,
watu wa zinfandeli, watu wa kaberne ya Kalifonia,
mvinyo unaoingia mdomoni na viatu vyake,
unaovuta kiti kabla ya kukaribishwa
na kuanza kusimulia jua la kwao.

Aikande kanionya: "Wape wanachokijua.
Mkwe hapewi mtihani mezani."
Kweli tupu. Ila miaka kumi na moja
nilizibua chupa za watu hotelini Minneapolis,
kitambaa mkononi, mgongo wima,
na usiku wa manane mpishi alinisazia tone,
na tone lile lilitoka Bordeaux.
Binti yangu anaolewa.
Nitawapa nilichookota.

Basi napiga hesabu.
Chupa changa, kali, hapana:
ina ukakasi wa bibo, itawakunja ulimi kama mkeka.
Nianze ng'ambo ya kulia ya mto, Saint-Émilion,
merlo ya mwaka wa joto, nyeusi, nene,
yenye utamu wa zambarau zilizojidondokea.
Hiyo itawasalimu kwa lugha yao, japo kwa lafudhi.
Kisha Pauillac ya miaka kumi na saba
(bei yake hata Aikande hataijua),
niimimine kwenye jagi la kioo saa mbili kabla,
ipumue, ijikumbuke,
kama abiria aliyeshuka ndegeni.
Ya tatu ni ya dola kumi na nne. Ya mchuzi.

Jumamosi. Mbavu za ng'ombe, mvuke dirishani.
Gus, mpakia chuma bandarini tangu ujana,
akaishika bilauri kwa vidole viwili kama yai.
"Hii naielewa," akasema, akaongeza.
Nikamtazama Aikande: umeona?

Ikaja Pauillac.
Gus akanywa, akatazama dari.
"Nyembamba," akasema. "Kama inaficha kitu."
Nikahisi kila dola ikiniaga.

Lakini Darlene hakuwa ameinua pua.
"Penseli," akasema taratibu.
"Penseli iliyochongwa sasa hivi.
Baba alikuwa seremala. Aliiweka hapa."
Akagusa nyuma ya sikio lake.

Nami miaka yote ile, kitambaa mkononi,
nilikuwa naijua harufu hiyo bila kujua naijua:
darasa la tatu, wembe wa kuazima,
maganda ya mti juu ya kaptura yangu.

Gus akajikuna shingo.
"Niungame," akasema. "Nina zinfandeli garini.
Nilisema tu, endapo..."
Aikande akacheka mpaka akashika meza.

Tukatoka, theluji ikilia chini ya viatu.
Chupa ilikuwa imeganda tangu mchana,
kizibo kimesukumwa nje,
barafu nyekundu imechungulia shingoni kama ulimi.
Mzee wa watu akasimama nayo, masikio yamemwiva,
na sikujua kama ni baridi au aibu.

Aikande hakuuliza. Alileta bakuli na vijiko.
Tukaikwangua ile zinfandeli
kama barafu za ukwaju wakati wa mapumziko,
watu wazima wanne, meno yakituuma.
Halafu Gus akachukua jagi
akamwagia Pauillac juu ya barafu yake.

Miaka kumi na saba, jamani!
Nikameza mate.
"Sasa," akasema, kijiko mdomoni,
"sasa inasema."

Nikanyoosha bakuli langu.