Kwa Majivu na Limau

Baba alikuwa karani wa tiketi stesheni ya reli,
dirisha la daraja la tatu,
na kila sarafu iliyoingia ilipita kwanza
chini ya kidole gumba chake.
Akiona ngeni, hutoa ya mfukoni mwake, akabadilisha:
senti kumi yenye tundu, thumni
ambayo sungura wake hajashikwa na mikono mingi,
rupia ya mfalme mwenye tai juu ya kofia.

"Shilingi itazeeka," alisema. "Hizi hazizeeki."

Mwaka alioota ndevu za utu uzima
mdogo wake, Kitwana, alinunua kichaka Kijitonyama
kwa shilingi mia mbili. Nyoka na mikorosho. Watu wakamcheka.
Baba naye, mia mbili zile zile,
akarudi na rupia tatu kwenye leso.
Mama hakusema neno. Alikoroga uji
muda mrefu kuliko uji unavyotaka.

Kila Alhamisi usiku kopo lilifunguliwa.
Majivu ya mkaa, nusu limau, kipande cha kanga kuukuu,
mimi na kaka yangu Shomvi mkekani, tunasugua
mpaka mfalme akapoteza masharubu,
mpaka sungura akawa jiwe lenye masikio.
Ziling'aa, jamani! Taa ya chemli ilizionea haya.

Kopo limenifikia mimi. Shomvi alichukua redio.

Jumanne nimelibeba mpaka Mtaa wa Indira Gandhi,
kwa sonara Hasnain, duka la feni moja.
Akazimwaga juu ya kitambaa cheusi,
akaweka lenzi jichoni, akainua ya kwanza,
ya pili, ya kumi.
Akavua lenzi.
"Nani kazisugua?"
Nikajibu kwa fahari: sisi. Miaka ishirini.

Akashusha sauti, kama mtu aliye msibani.
"Mama, sarafu ina ngozi.
Weusi ule ndio umri wake, ndio wanaolipia.
Nyinyi mmeichuna."

Na kama tusingeigusa, ile rupia?
"Labda laki tatu. Labda nne.
Akipatikana mwenye wazimu wa kuitaka.
Hii si mahindi, haina bei ya sokoni, ina mteja tu,
na mteja huja siku aipendayo yeye;
ada ya shule huja siku yake."

Nikamkumbuka Kitwana. Kichaka chake sasa ni ghorofa,
benki chini, wapangaji juu,
na wajukuu wake wanaonana mahakamani tu,
kila mmoja na wakili wake.
Sijui hiyo nayo niiandike safu gani ya daftari.

Sonara alilipindua kopo, akaligonga tako.
Kikadondoka kitu cheusi kama punje ya pilipili manga,
kilichonasa chini ya karatasi tangu sijui lini.
Heller. Baba aliisahau.
"Hii haijaguswa," akasema. "Elfu sitini."

Heller! Dola lililoifua lilishafungasha likaenda,
yenyewe hainunui njiti ya kiberiti,
lakini asubuhi hii hii mwenye nyumba kanigongea:
"Mama Rukia, hela."
Neno limepita midomo ya mji mzima
zaidi ya miaka mia, limesuguliwa kuliko rupia yoyote,
na mpaka leo ukilitamka mtu anageuka.

Nimeuza aliyoisahau.
Sitini imekwenda kwa mwenye nyumba, haikulala kwangu.
Alizozipenda nimerudi nazo kwa miguu mpaka Kariakoo,
zikilia kwapani, zisizo na bei,
nyuso zake zimelainika,
kila moja ina kibonde kidogo
ambacho kidole gumba changu, nilipojaribu,
kilienea.

Sijazifuta vumbi.
Mfuniko bado unanuka limau.