Siku ya Tatu

Mama alikuwa akimlaani kwa jina, shan,
kila alfajiri alipokuta zizini
manyoya, matone, kimya.
Kondoo kumi na mmoja, baridi ile nilipokuwa na miaka saba.
Baba akachimba shimo la mtego, akalizungushia mawe,
na hakuna aliyemuuliza kitu.

Sasa Mama humwombea.
Huwasha taa ya siagi, akanong'ona:
aje, aonekane, asimame walau penye mwanga,
maana vitanda vinne vya chumba cha juu
vimelipiwa mpaka mwisho wa Februari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tumepona, sikatai.
Bati la paa ni la chui. Ada ya Chorol huko Leh ni ya chui.
Meno mapya ya Mama, anayotafunia nyama kavu huku akicheka,
nayo ni ya chui.
Na mimi, mwana wa mchimba shimo,
nalipwa kwa macho yangu.

Kazi yenyewe ni kulitazama jiwe
hadi jiwe lipumue.

Jumanne, saa moja asubuhi, likapumua:
jike, mkia mzito kajizungushia miguuni kama shali,
kando ya mbuzi-mwitu aliyemwangusha alfajiri.
Tumbo la mbuzi lilikuwa bado linafuka.
Nilikuwa na dakika nzima ya kunyamaza.
Nikabonyeza redio.

Kufika saa nne walikuwa watu arobaini na watatu,
magari tisa yakinguruma ili hita zisizimike,
lenzi nene kama mitungi ya kusukia siagi,
mtu akikohoa, mtu akimnyamazisha anayekohoa
kwa sauti kubwa kuliko kikohozi.
Joris wa Antwerp akaomba tusogee. Kidogo tu.
Phuntsog akanitazama. Nikamtazama Phuntsog.
Kidogo tu, nikasema.

Hakukimbia. Wageni husubiri akimbie
ndipo waamini wamemuudhi.
Aliinua kichwa, akatuhesabu,
akanyanyuka polepole kama mtu anayeiacha sahani yake
kwa kuwa meza imejaa watu asiowajua,
akauvuka mwamba.
Kunguru wakaanza na macho.
Mbwa wa barabarani, walionenepea makombo ya kambi zetu,
wakamaliza mifupa.
Jioni ile bahasha yangu ilikuwa nzito.

Siku ya pili hakurudi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Usiku wa tatu alikuja kwa miguu yake,
bila redio, bila kuitwa,
akapenya kwenye tundu la zizi la Yangskit,
jirani yetu asiye na chumba cha kupangisha,
ambaye hajala hata rupia moja ya chui.
Kondoo sita.

Hakupiga kelele. Alikuja jikoni kwetu wageni wakinywa supu,
akaweka mezani kengele ya kondoo wake,
ile ndogo, yenye damu kwenye ulimi,
akamwambia Mama: "Huyu ni wako. Mje mmchukue."
Joris akauliza amesema nini.
Nikamwambia, anawasalimu.

Mama hakulala. Nilimsikia akizihesabu noti,
akizigawa, akizirudisha pamoja, akizigawa tena.

Leo niko ukingoni tangu giza.
Pumzi yangu imegandia kwenye kioo cha darubini,
naikwangua kwa ukucha, naangalia, naikwangua.
Saa mbili kasoro, chini ya mwamba mwekundu,
jiwe moja limegeuza sikio.
Mbavu zake naziona kutoka hapa.

Redio inakoroma. Phuntsog: "Kuna kitu?"
Nyuma yake nasikia vikombe, milango ya magari,
mtu anajifunza kulitamka jina langu.

"Bado," nasema.

Neno dogo, bado. Halijawa uongo.
Huko nyumbani taa ya Mama inawaka,
na mimi nimelala kifudifudi juu ya theluji,
namtazama akila kitu nisichokiona,
nikiomba Phuntsog asiulize tena,
nikijua atauliza.