Safu ya Nne

Mei ile masika hayakutaka kwisha.
Korona ilisimama siku mbili, mkanda umekatika,
shamba zima la Pongwe likanuka mkonge uliochacha.
Mimi nilikuwa karani. Redio ilikuwa yangu,
betri za kambi nzima, kwa mchango wa senti kumi kumi.

Sauti ikatoka Adisi, ikizama, ikiibuka:
wakuu thelathini na ushee wameketi chumba kimoja
wanaipima Afrika.

Kamwendo, Mnyasa, mkataji, kidole kimoja alikiacha kondeni,
akasema: "Wa Akra ndiye msema kweli.
Serikali moja, jeshi moja, leo.
Mtoto hazaliwi miguu leo, kichwa mwakani."

Semkiwa wa korona akatema ugoro.
"Umeona wapi singa elfu zikasokotwa kwa mpigo?
Mbili kwanza. Zishikane. Ndipo uongeze."

"Mkishapata viti, nani atasimama tena?"

"Na ukiezeka kabla ya nguzo?"

"Nguzo zenu zitageuka kuta."

Hivyo hivyo, mpaka betri zikachoka kabla yao.

Sikusema nililowaza.
Semkiwa kwao Magila. Jumamosi hupanda baiskeli,
jioni anakula kwa mama yake.
Kwa nini asiwe na subira?
Kamwendo kwao ni lori, meli ya ziwa, na miguu,
na barua ya msiba humfikia arobaini imeshapita.

Nikawaza na jingine, chungu zaidi: kitabu changu.
Mrundi, Mbena, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma,
nimewapanga mmoja chini ya mwenzake,
wino mmoja, kipande kimoja.
Umoja huo haukupigiwa kura.
Mgiriki aliuunga kwa kengele ya saa kumi na moja alfajiri.

Mwaka wa pili ukaja waraka:
safu ya nne, palipo "Kabila", futa. Andika "Raia wa".
Nikafurahi, wallahi. Nikatafuta rula.
Semkiwa: Tanganyika. Wino haujakauka,
nchi ikaungana na visiwa, nikafuta tena,
naye anacheka dirishani: "Si nilisema? Mbili kwanza!"

Kamwendo akaja wa mwisho, kofia mkononi.
"Raia wa wapi?"
"Andika Afrika."
"Safu nyembamba, ndugu yangu."
Akainama, akaitazama, akaipima kwa kidole kisichokuwepo.
"Basi andika kwa herufi ndogo."

Niliandika. Kwa penseli.